Kwa aliyeuliza kuhusu mapenzi ya jinsia moja kwenye anime: angalia kama wapenzi wanaachwa wakue

Mkuu, umeuliza kama kuna anime (katuni za Kijapani) inayoyapa mapenzi ya jinsia moja uzito wake, maana kila uliyoitazama wasichana wawili wanashikana mikono kwenye korido ya shule, wanalia, na mambo yanaishia hapo. Nimezitazama za namna hiyo kwa miaka mingi, na siku hizi natumia kipimo kimoja tu: je, hawa wapenzi wanaruhusiwa kuwa watu wazima?

Huko kuishia shuleni kuna asili yake. Nobuko Yoshiya, mwandishi wa kike wa Kijapani, alianza kuandika hadithi za Hana Monogatari mwaka 1916, wasichana wa shule wakipendana na kutenganishwa. Mtindo huo ukaja kujulikana kama Class S, na jamii iliuvumilia kwa sababu ulihesabiwa kuwa ni mambo ya usichana, yatakwisha binti akiolewa. Kwa Yoshiya mwenyewe hayakwisha. Aliishi na mpenzi wake wa kike, Chiyo Monma, tangu miaka ya 1920 hadi alipofariki mwaka 1973, na mwaka 1957 akamwasili kisheria kama mwanawe, kwa kuwa hakukuwa na njia nyingine ya kuwa familia moja mbele ya sheria. Ndiyo maana anime ikifunga pazia siku ya mahafali huwa naumia kweli. Mwandishi aliyeanzisha mambo haya aliishi sehemu ile ambayo hadithi zinaikwepa.

Sasa tafuta zile zisizoikwepa. Haruka na Michiru, wasichana wawili mashujaa wa Sailor Moon walioingia mwaka 1994, mimi niliwajua kwanza katika toleo la sauti za Kiingereza, ambako walifanywa binamu. Nilipokuja kuwatazama kwa Kijapani nilikasirika, kwa sababu nilikuwa nimenyimwa jambo zuri kuliko yote: ni wapenzi, kila mmoja yuko tayari kufa kwa ajili ya mwenzake, na baadaye wanashiriki kumlea mtoto, Hotaru. Hii ilikuwa ikionyeshwa kwenye televisheni ya watoto!

Ya wanaume, Given ya mwaka 2019, kuhusu bendi ya muziki. Wengi humsifia Mafuyu, mwimbaji wake, na anastahili, ila mimi nakusihi usiishie kwenye zile sehemu 11. Filamu ya 2020 inawageukia wenzake wa bendi, Haruki na Akihiko, ambao ni wakubwa kidogo, na Ugetsu ambaye Akihiko anaishi naye ingawa walishaachana. Pale utaona wivu, nyumba ya pamoja isiyokalika, mtu kuondoka akiwa bado anapenda. Hayo ni mapenzi ya watu waliokwishaanza maisha.

Gundam ya The Witch from Mercury (2022 hadi 2023) inafika mbali zaidi. Wasichana wawili, Suletta na Miorine, wanachumbiana tangu sehemu ya kwanza, na mwishoni, miaka mitatu baadaye, wana pete vidoleni. Mashabiki tulishangilia. Kisha jarida moja likachapisha mahojiano yaliyosema wameoana, na neno hilo likaondolewa kwenye toleo la kidijitali. Kampuni ya Gundam ikaeleza kuwa tafsiri inaachiwa watazamaji. Sikubaliani nayo hata kidogo. Pete zipo, kila mtu ameziona. Na katika nchi kama Japani, ambako ndoa za jinsia moja bado hazitambuliwi kisheria, wakati mahakama ya mji wa Sapporo ilishasema mwaka 2021 kwamba kutozitambua ni kinyume cha katiba, kuogopa kulitamka neno ndoa ni jambo zito.

Kama unataka ya shule lakini isiyokudanganya, anza na Bloom into You ya 2018, kuhusu wasichana wawili wa shule, Yuu na Touko. Mwangalie mwalimu Riko na mpenzi wake mwenye mkahawa, Miyako: wanaishi pamoja, wamechoka na kazi, na Sayaka, mwanafunzi mwenzao anayempenda Touko, anakwenda kumweleza Miyako yaliyo moyoni kwa sababu hatimaye amemwona mtu mzima aliye kama yeye. Anime ina sehemu 13 na inakatika kabla hadithi haijafika. Usisubiri msimu wa pili, soma manga, yaani hadithi yenyewe ya michoro kwenye vitabu, juzuu zote 8. Yuu na Touko utawakuta chuo kikuu, bado wako pamoja.