Hukumu ya Kupandikiza Mimba, Yai la Dada na Kulea Mtoto Asiye wa Damu

SWALI: Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sheikh, mimi na mume wangu tuna miaka tisa katika ndoa na hatujajaaliwa mtoto. Madaktari wameona kwamba mirija yangu ya uzazi imeziba pande zote mbili na kwamba mayai yangu yamebaki machache, wakatushauri tupandikize mimba, na ikiwa mayai yangu hayatafaa, tutumie yai la mwanamke mwingine. Dada yangu wa tumbo moja yuko tayari kutoa yai lake, au hata kutubebea mimba. Mama mkwe anasema huko kote ni kuingilia kazi ya Mungu, na kwamba ni salama zaidi tuchukue mtoto mchanga tumwandikishe kwa jina la mume wangu. Tufuate lipi?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Namhimidi Mwenyezi Mungu na ninamtakia rehema na amani Mtume wake, Muhammad, pamoja na jamaa zake na masahaba zake.

Dada yangu, nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja, na kila niliposoma nimeona kwamba lile ambalo mama mkwe wako analiogopa ndilo lenye ruhusa, na lile analoliona kuwa la salama ndilo lenye katazo kwa namna alivyolieleza. Simlaumu, kwa kuwa hofu yake inatokana na imani, nanyi mjibuni kwa upole unaomstahiki mzazi.

Ni kweli kwamba mtoto ni kipawa cha Mwenyezi Mungu, ambaye anasema katika Surat Ash-Shura, aya ya 49 na 50, kwa maana kwamba humpa amtakaye watoto wa kike, humpa amtakaye wa kiume, huwachanganya wa kiume na wa kike, na humfanya amtakaye kuwa tasa. Lakini aya hii haimzuii mgonjwa kutafuta dawa, kama vile aya za riziki zisivyomzuia mkulima kulima. Nabii Zakariya, amani iwe juu yake, aliyekuwa mzee na mkewe akiwa tasa, hakuona haya kuomba mtoto, na dua yake imehifadhiwa katika Surat Al-Anbiyaa, aya ya 89: Mola wangu, usiniache peke yangu, na Wewe ndiye mbora wa wanaorithi. Naye Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwaambia mabedui waliomuuliza kuhusu matibabu kwamba watumie dawa, kwa kuwa Mwenyezi Mungu hakuweka ugonjwa ila aliuwekea dawa, isipokuwa uzee. Mirija iliyoziba ni maradhi, na kuyatibu hakuna tofauti na kutibu jicho.

Suala la kupandikiza mimba halikuwepo kwa mafakihi, yaani wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, wa zamani. Mtoto wa kwanza aliyepatikana kwa njia hii alizaliwa Uingereza mwezi wa Julai 1978, na haukupita muda mrefu wanazuoni wakaanza kulichambua. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Amman mwezi wa Oktoba 1986 lilizitazama njia saba zilizokuwa zikijulikana, likaharamisha tano na kuruhusu mbili pale haja inapokuwepo. Njia mbili zilizoruhusiwa ni mbegu za mume kuingizwa katika uzazi wa mke wake kwa vifaa vya kitabibu, na mbegu za mume kukutanishwa na yai la mke wake nje ya mwili, kisha kiinitete, yaani yai lililokwisha kurutubishwa, kurudishwa katika tumbo la mke huyohuyo. Zile tano zilizokataliwa zote zina mtu wa tatu ndani yake: mwenye mbegu asiye mume, mwenye yai asiye mke, au mwenye tumbo asiye mwenye yai.

Basi kupandikiza mimba kwa mayai yako na mbegu za mume wako kunajuzu, na msiwe na dhiki nafsini kwa hilo. Masharti yake, hata hivyo, myashike kwa mikono miwili. Ndoa iwe hai siku ya kurutubisha na siku ya kupandikiza pia, kwa hiyo kiinitete kilichogandishwa hakitumiki baada ya talaka ya kutenganisha wala baada ya kifo cha mume, hata kama mjane anatamani kubaki na kumbukumbu yake. Baraza hilo lilipokutana tena Jeddah mwezi wa Machi 1990 lilielekeza kwamba yarutubishwe mayai ya kiasi kinachohitajika tu kwa kila jaribio, na kwamba vikibaki viinitete, viachwe bila huduma ya kitabibu mpaka uhai wake ukome wenyewe, na ni haramu kumwekea mwanamke mwingine. Semeni hilo kwa daktari mapema na liandikwe, maana baadhi ya vituo hurutubisha mayai yote yaliyopatikana bila kuwauliza wenye nayo. Hakikisheni pia kwamba vichupa vina majina yenu na kwamba vinakaguliwa mbele yenu, kwa sababu kosa la maabara katika jambo hili ni kosa la nasaba. Uchi wako uonwe na daktari mwanamke akipatikana, na asipopatikana, basi mwanamume kwa kiasi cha haja, mumeo akiwepo. Mbegu za mume zitolewe kwa msaada wako wewe mkewe. Naye apimwe kikamilifu kabla ya gharama yoyote, kwani sehemu kubwa ya matatizo ya uzazi hutoka upande wa wanaume, ijapokuwa lawama huwaangukia wake. Na msichukue mkopo wa riba kwa ajili ya matibabu haya.

Ama yai la dada yako, hapana. Najua amelitoa kwa mapenzi, na Mwenyezi Mungu amlipe kwa nia yake. Lakini mbegu za mumeo hazina njia ya halali ya kukutana na yai la mwanamke asiye mkewe, na dada yako hawezi hata kuwa mkewe maadamu wewe uko katika ndoa yake, kwa katazo la Surat An-Nisaa, aya ya 23, la kuwakusanya dada wawili. Kukubebea mimba nako kuna mlango huohuo uliofungwa, na kuna fitina ya ziada: mama ni nani? Qurani inasema katika Surat Al-Mujadila, aya ya 2, kwamba mama zao ni wale tu waliowazaa, ilhali yai ni lako, na mtoto atakua akiwa na wanawake wawili wanaodaiwa umama. Wanazuoni wa Baraza la Fiqhi la Rabita, yaani Jumuiya ya Ulimwengu wa Kiislamu, mjini Makka waliwahi mwaka 1984 kuruhusu mke mwenza ambebee mwenzake, kwa kuwa wote ni wake wa mume mmoja, kisha mwaka uliofuata wakaiondoa ruhusa hiyo walipoona kwamba mbebaji anaweza kushika mimba yake mwenyewe wakati huohuo na watoto wasijulikane mama zao. Ikiwa walirudi nyuma kwa wake wenza, basi kwa shemeji ni zaidi. Mtasikia kwamba baadhi ya wanazuoni wa Kishia wameruhusu michango ya mayai kwa masharti. Hiyo ni rai yao, nasi hatuifuati.

Kuhusu mtoto wa kulea, kumlea ni ibada kubwa, kwa maana Mtume alisema kwamba yeye na mlezi wa yatima watakuwa peponi hivi, akiashiria kwa kidole cha shahada na cha kati. Kinachokatazwa ni kumwandikisha kwa jina la asiyemzaa. Zayd bin Haritha, aliyelelewa na Mtume kama mwanawe, aliitwa Zayd bin Muhammad mpaka iliposhuka aya ya 5 ya Surat Al-Ahzab, kwamba waitwe kwa baba zao, naye akarudi kwa jina la baba yake bila mapenzi ya Mtume kwake kupungua. Mleeni, mpendeni, mumeo asimame kama mlezi wake, lakini ajue asili yake mapema na kwa lugha ya umri wake. Hatawarithi kwa kulelewa tu. Mnaweza kumpa hiba mkiwa hai na kumwusia isiyozidi theluthi ya mali.

Na hapa ndipo dada yako anapoweza kusaidia. Mtoto akiwa chini ya miaka miwili na akanyonyeshwa, kwa madhehebu ya Shafi, mara tano zilizotengana, huwa ni mtoto wa kunyonya wa aliyemnyonyesha. Mkimchukua mtoto wa kiume, na dada yako akawa ananyonyesha wakati huo, akimnyonyesha wewe unakuwa mama yake mdogo kwa kunyonya, na hutalazimika kujistiri mbele yake atakapobaleghe. Mkichukua wa kike, anayehitajika ni dada wa mumeo, ili mumeo awe mjomba wake. Na wewe mwenyewe, daktari akiweza kukupa dawa ya kutoa maziwa, ukimnyonyesha kwa kiasi hicho unakuwa mama yake wa kunyonya hata kama hujawahi kuzaa, na akiwa binti anakuwa maharimu wa mumeo, yaani asiyeweza kumwoa kamwe, kwa kuwa ni binti wa mke aliyekwisha kumwingilia. Lipangeni hili kabla ya kumchukua mtoto, kwani akishatimiza miaka miwili kunyonya hakuleti tena uharimu huo.

Mama wa Waumini Bi Aisha hakuzaa, na Mtume alimpa jina la Umm Abdillah kwa mtoto wa dada yake, Abdullah bin Zubeir, akaitwa hivyo maisha yake yote.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.