Tetemeko Dar: kagua kilicho juu ya kichwa chako na kilicho kati yako na mlango

Tetemeko la Agosti 12, 2020 lilikuwa na ukubwa wa takriban 6. Lilitokea chini ya Bahari ya Hindi, kusini mashariki mwa Dar es Salaam, na wengi jijini walitoka nje mbio kisha wakarudi ndani salama. Lile la Kagera la Septemba 10, 2016 halikulizidi ukubwa, lakini lilipiga karibu na makazi. Liliua watu na kubomoa au kuharibu maelfu ya nyumba. Kwa hiyo usiseme nyumba yako imeshajaribiwa kwa sababu tu ilisimama mwaka 2020.

Mtetemo mkali huisha ndani ya sekunde chache, mara nyingi chini ya dakika moja. Muda huo hautoshi kutafuta ufunguo wa grili, sembuse kumbeba mtoto kushuka ngazi za ghorofa ya nne. Kinachokuokoa ni kile ulichokwisha kukifanya.

Anza na chumba cha kulala. Kabati la mita 2 likianguka linafika mita 2 mbele, basi pima: je, linafika kwenye mto wako? Kama linafika, sogeza kitanda au funga kabati ukutani kwa kona mbili za chuma upande wa juu. Tumia skrubu ya sentimita 6 au zaidi, na plagi (kile kipande cha plastiki kinachoshika skrubu ukutani) ipite lipu hadi izame ndani ya tofali. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika: skrubu ikishika lipu tupu, itang'oka na kipande chake na kabati litakuja vilevile. Shusha masanduku yaliyopangwa juu ya kabati. Chini ya kitanda weka tochi na viatu vya kufunika mguu, maana vioo vikivunjika gizani miguu ndiyo inayoumia kwanza.

Grili za Dar zimewekwa kwa ajili ya wezi, na hatuwezi kumwambia mtu azing'oe. Ila ufunguo uwe na msumari wake karibu na mlango, mahali ambapo mkono wa mtu aliye nje haufiki, na kila aliye ndani ya nyumba, mtoto wa shule hata dada wa kazi, aujue na awe ameshajaribu kufungua gizani.

Mtungi wa gesi usimame wima, ufungwe kwa mnyororo au mkanda ili usipinduke na kuvuta mpira. Baada ya mtetemo funga gesi kwenye mtungi wenyewe, si kwenye jiko tu. Ukisikia harufu, usiwashe wala kuzima taa yoyote, kwa sababu cheche ndogo ya swichi inatosha. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hukaa chini sakafuni, kwa hiyo fungua milango, toeni watu wote nje, kisha pigeni 114 kwa Zimamoto.

Tangi la lita 1,000 likijaa lina tani nzima ya maji. Angalia mnara wake ukianguka utaelekea wapi. Usiwe upande wa chumba cha watoto. Fundi wa kuchomelea aweke vyuma vya mshazari kati ya miguu, na miguu ifungwe kwa bolti kwenye zege. Ukuta wa uzio mrefu usio na nguzo nao ni wa kuogopwa, hasa ule ambao watoto hucheza chini yake.

Kwa anayejenga sasa, tunasisitiza mambo manne. Linta, yaani mkanda wa zege na nondo juu ya milango na madirisha, izunguke nyumba yote bila kukatika. Na ncha za ringi za nguzo, vile vyuma vyembamba vinavyozunguka nondo, zikunjwe ziingie katikati ya zege, kwani zikiachwa pembeni, ringi hufunguka nguzo inapotikisika na nondo hupinda kwenda nje. Mchanga wa baharini una chumvi inayokula nondo, hivyo usiukubali hata ukipewa bei nzuri. Na msibomoe kuta za chini ili kupata fremu za biashara bila mhandisi. Ghorofa lililoporomoka Kariakoo Novemba 16, 2024 halikuhitaji tetemeko lolote.

Ardhi ikianza kutikisika, inama, ingia chini ya meza imara, kinga kichwa na shingo, shikilia mguu wa meza. Hakuna meza? Chutama kando ya ukuta wa ndani, mbali na madirisha. Ukiwa kitandani, baki na ujifunike kichwa kwa mto. Usipande lifti. Kama nyumba ni ya udongo au matofali dhaifu na mlango wa kwenda uwanjani uko hatua mbili tu, toka. Nje, kaa mbali na kuta na nyaya za umeme.

Mitetemo midogo hufuata, na huweza kuangusha kilicholegea. Ufa mwembamba wa lipu si wa kukukosesha usingizi, lakini ufa wa mshazari unaopita ndani ya tofali, au ulio kwenye nguzo au pale nguzo inapokutana na bimu, maana yake msirudi ndani hadi mhandisi akague. Maji wekeni lita 4 kwa mtu kwa siku, kwa siku 3; familia ya watano ni madumu matatu ya lita 20. Simu zikigoma, tumeni ujumbe mfupi kwa ndugu mmoja aliye nje ya Dar, awe ndiye wa kuunganisha habari.

Walio Kigamboni, Msasani na kwingine ufukweni: mtetemo ukizidi sekunde 20, au bahari ikirudi nyuma ghafla, ondokeni kwa miguu kuelekea mwinuko, msisubiri king'ora. Mwaka 2004 tsunami ilisafiri kutoka Sumatra na kuua waogeleaji Dar es Salaam, ambako hakuna aliyehisi mtetemo, kwa hiyo taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa nazo zifuatwe. Wimbi la kwanza mara nyingi silo kubwa kuliko yote, na mengine huendelea kuja kwa saa kadhaa. Msishuke ufukweni hadi itangazwe kuwa salama.