Kabla Hujanunua Tableti: Programu na Tovuti Ninazochorea Katuni Zangu

Wiki mbili zilizopita nilikuwa steshenari hapa Morogoro, nachapisha kurasa za katuni yangu, kijana wa sekondari akasimama nyuma yangu akizitazama zinavyotoka kwenye printa.

"Shikamoo dada."

"Marahaba."

"Hizi umechora wewe? Kwa kompyuta?"

Nikamwambia ni mimi, na kwamba nyingi zilianzia kwenye simu. Akaniuliza anunue tableti gani ya kuchorea. Nami nikamuuliza ana nini sasa hivi. Akatoa simu, kioo kimepasuka pembeni. Nikamwambia aanze na hiyo hiyo, uso ukamnywea. Alitegemea nitamtajia kitu cha dukani. Tukaongea mpaka mwenye steshenari akaanza kuzima mashine. Nayaandika hapa niliyomwambia, na yale niliyoyakumbuka nikiwa njiani kurudi nyumbani.

Nachora hadithi ya mama lishe wa stendi ya Msamvu. Sura za mwanzo zote nilizichora kwenye simu, kwanza kwa kidole, baadaye kwa kalamu ya ncha ya mpira niliyoinunua kwa mmachinga. Nilitumia ibisPaint X, na mpaka leo ndiyo ninayomtajia mtu mwenye simu tu. Ina kipengele cha kutuliza mkono: ukivuta mstari kwa kidole kinachotetemeka, yenyewe inaunyoosha. Ina leya za kutosha (tabaka za mchoro zinazopandana, unazoweza kuzihariri moja moja), na inarekodi uchoraji wako wote kisha inakupa video fupi. Hizo video ndizo zilizoniletea wasomaji wa kwanza, maana nilikuwa naziweka kwenye status ya WhatsApp na watu wakaanza kuuliza hadithi ile inamalizikaje. Ni ya bure kama unavumilia matangazo. Baadhi ya brashi zinafunguka kwa muda ukishatazama tangazo.

Nyingine ni MediBang Paint, ya Wajapani, nayo ya bure. Kwa katuni ina faida moja kubwa: unachora fremu moja (kisanduku cha picha) inayojaza ukurasa, kisha unaikata vipande unavyotaka, na nafasi kati ya fremu inajipanga yenyewe. Pia inahifadhi kazi kwenye akaunti yako ya mtandaoni, ukiifungua kwenye kompyuta unaikuta.

Hilo la kuhifadhi nililidharau mpaka nilipoibiwa simu kwenye daladala. Sura mbili nilizokuwa nimezipandisha kwenye akaunti zilipona. Nne zilizokuwa ndani ya simu pekee zikaenda na mwizi, na moja kati yake nilikuwa nimeimaliza asubuhi ile ile. Nililia, sitaki kukuficha. Tangu hapo, programu yoyote ninayosifiwa naipima kwa swali moja kabla sijatazama hata brashi zake: kazi yangu nikiitoa humu, itafunguka kwingine ikiwa na leya zake? Jibu likiwa hapana, siigusi. ibisPaint na MediBang zote zinaweza kutoa faili la PSD, aina ya faili la Photoshop linalotunza leya, na PSD inafunguka karibu kila mahali pa maana. Kila Jumapili usiku natoa PSD za wiki nzima. Nakala moja inakaa kwenye flashi, nyingine kwenye Google Drive. Kama utachukua jambo moja tu katika makala hii, chukua hilo.

Nilipopata laptop ya mtumba, fundi aliniwekea programu kubwa ya kulipia kwa njia ya panya. Ilifanya kazi mwezi mmoja hivi, kisha virusi vilivyokuja nayo vikafunga mafaili yangu yote. Sikuwa na sababu yoyote ya kupita njia ile, kwa sababu ipo Krita, programu ya bure ya kuchorea kwenye kompyuta.

Krita naipenda kwa moyo wangu wote. Jina lake ni neno la Kiswidi lenye maana ya chaki. Inatengenezwa na watu wa nchi mbalimbali kwa michango, haina matangazo, haina malipo ya mwezi, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Ukibofya kitufe cha kulia cha mausi, brashi zako uzipendazo zinatokea duara kando ya mkono, rangi zikiwa katikati. Ukibonyeza W, turubai (ukurasa unaochorea) inajirudia pande zote bila mwisho: unachochora kikitoka kulia kinaingia kushoto. Mimi nachorea humo vitenge na kanga za wahusika wangu. Mama lishe wangu ana vitenge saba, kila kimoja nimekichora kwa njia hiyo kama kigae kidogo kimoja, kisha nakijaza kwenye gauni. Zamani nilikuwa nachora ua moja moja, na gauni moja likinimalizia jioni nzima.

Ila Krita inataka kumbukumbu ya kompyuta, na hapa ndipo wengi wanapokata tamaa na kusema ni nzito. Fanya hesabu. Kila pikseli ya kawaida, yaani nukta moja ndogo ya picha, inakula baiti 4. Ukifungua turubai ya pikseli 1,600 kwa 10,000, leya moja tu iliyojaa ni kama MB 64. Leya kumi ni MB 640, na programu bado haijahesabu hatua za kutendua. Laptop yangu ina RAM ya GB 4, kwa hiyo sichori sura nzima kwenye turubai moja ndefu. Naigawa mafungu matano au sita, kila fungu faili lake, na mashine inatulia. Nenda pia kwenye mipangilio upunguze muda wa kujihifadhi yenyewe; yangu nimeiweka kila dakika tatu, kwa sababu betri ya laptop yangu imeshakufa na umeme ukikatika nayo inazima hapo hapo.

Aliyenifundisha Krita hajui kama nipo. Ni Mfaransa David Revoy, anayechora katuni ya mtandaoni iitwayo Pepper&Carrot tangu 2014. Anaitoa kwa leseni inayokuruhusu kuitumia na kuigeuza almradi umtaje, na kwenye tovuti yake anaweka mafaili yenyewe ya Krita, leya zote zikiwamo. Nilishusha faili moja nikaanza kuzima leya moja baada ya nyingine, kuanzia juu mpaka nikafika kwenye rasimu ya penseli. Jioni ile nilielewa mambo ambayo video nyingi zilikuwa zimenipita. Kwa masomo yaliyopangwa hatua kwa hatua kuna Drawabox, ya bure, inayokufunza mistari na maboksi kwanza. Wanasisitiza nusu ya muda wako uchore vitu vya kujifurahisha, nusu mazoezi. Ctrl+Paint nayo ina video fupi za bure za kupaka rangi. Zote mbili ni za Kiingereza, lakini mikono ya mwalimu inaeleweka.

Sasa maneno, maana katuni nyingi za Kiswahili ninazosoma zinaharibikia hapa. Neno letu moja linabeba sentensi nzima. "Hawakutuambia" lina herufi kumi na tatu na huwezi kulipunguza. Ukichora kiputo (duara la maneno ya mhusika) kwanza kisha ukaja kubana maneno ndani, utaishia na fonti ndogo kama maandishi ya kwenye karatasi ya dawa. Mimi naandika mazungumzo kwanza, nayapanga mistari, ndipo nachora kiputo kuyazunguka, na nakifanya kipana zaidi kuliko kirefu. Neno likilazimika kukatwa, likate mwisho wa silabi: hawaku-tuambia, kamwe si hawak-utuambia.

Kazi hii naifanyia kwenye Inkscape, programu ya bure ya michoro ya vekta (michoro ya mistari isiyofifia ukiikuza), kwa sababu maandishi yake yanabaki maandishi hata mwaka ujao ukitaka kurekebisha neno. Fonti nazichukua Blambot, tovuti yenye fonti za katuni. Baadhi ni za bure kwa wachoraji wadogo wanaojitegemea, lakini soma masharti ya kila moja. Ukishusha fonti, jaribu kuandika "ng'ombe" kwanza uone kama ritifaa (alama ile ya ng') ipo na imekaa vizuri. Kisha angalia herufi I. Katika fonti nyingi za katuni, I kubwa ina vijiti juu na chini, kwa sababu kwa Kiingereza inatumika peke yake kumaanisha "mimi". Kwetu haina kazi hiyo, na ukiandika kwa herufi kubwa za kibodi, "SIJUI" itajaa vijiti. Andika kwa herufi ndogo za kibodi; fonti yenyewe itakupa umbo kubwa na I iliyo wima, safi. Ilinichukua muda mrefu kuligundua hili, na sura zangu za zamani zina vijiti kila mahali.

Kuchapisha hakuhitaji maneno mengi. Webtoon Canvas, sehemu ya tovuti ya katuni ya Webtoon, inapokea kazi ya yeyote bila malipo, picha za upana wa pikseli 800 na urefu usiozidi 1,280 kila kipande. Chora kwa upana wa 1,600 kisha punguza nusu wakati wa kutoa. ComicFury pia ni ya bure na inakuacha upange ukurasa wako unavyotaka, kwa hiyo vitufe vyangu vimeandikwa "Iliyotangulia" na "Inayofuata". Wasomaji wangu wengi wako WhatsApp. Huko usitume sura kama picha, maana inabanwa na herufi zinafifia. Tengeneza PDF uitume kama dokumenti. Mimi nahakikisha sura haizidi MB 3, kwa sababu anayeisoma amenunua bando kwa hela yake.

Na tableti? Ukishamaliza hadithi moja ya kurasa kumi kwenye simu, nunua ndogo isiyo na skrini, yaani kibao unachochorea huku ukitazama kioo cha kompyuta au simu, ya Huion, XP-Pen au Wacom, yenye kalamu isiyohitaji chaji. Nyingi za sasa zinakubali pia simu ya Android kwa waya wa OTG (unaounganisha vifaa vya USB kwenye simu), ila muulize muuzaji aijaribu kwenye simu yako mbele yako kabla hujatoa pesa.

Yule kijana alinitumia faili lake la kwanza juzi. PSD, leya kumi na moja, ukurasa mmoja: bibi anamwita mjukuu atoke juu ya mwembe, mjukuu hajibu. Mkono wa bibi ule ulioshika kiuno ni mzuri mno, nimeutazama mara nyingi. Nimemrudishia na maelezo mawili tu. Apanue kiputo cha bibi, na leya zake azipe majina.