Joki mkubwa ni yupi? Kwa vijana wanaoingia zizini

Jumapili jioni, farasi wakishaoshwa na kupewa majani, ubishi zizini ni ule ule. Mmoja anasema joki mkubwa, yaani mpanda farasi wa mbio, ni mwenye ushindi mwingi. Mwingine anasema ni aliyeshinda Derby, zile mbio kubwa za Epsom, Uingereza. Wa tatu anasema hakuna joki mkubwa, kuna farasi wakubwa tu. Nimeusikiliza ubishi huu zaidi ya miaka ishirini hapa uwanja wa mbio wa Ngong, Nairobi, kwanza nikiwa saisi, mtunza farasi, kisha nikipanda farasi wa mazoezi alfajiri, na sasa nikiwaelekeza vijana wanaokuja wapya. Ninyi mlioingia mwaka huu mmeshaanza kuubeba. Nataka niwape maoni yangu mapema, kwa sababu joki mnayemwona mkubwa ndiye mtakayemuiga, na mtakachoiga farasi atakihisi mgongoni.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo silaha ya kwanza ya kila mbishi. Jorge Ricardo wa Brazil amevuka ushindi 13,000. Russell Baze wa Marekani alistaafu mwaka 2016 akiwa na 12,842. Lakini waulize wazee wa mchezo huu, na wengi watakutajia kwanza Lester Piggott, ambaye Uingereza alishinda mara 4,493, theluthi tu ya wa kila mmoja wa hao wawili na ziada kidogo. Sababu ni kwamba Piggott alishinda Derby ya Epsom mara 9, ya kwanza mwaka 1954 akiwa na miaka 18. Sasa mtu atasema, basi kipimo ni Derby. Mbona Gordon Richards, aliyekuwa bingwa wa majoki Uingereza mara 26, aliipata Derby mara moja tu, mwaka 1953, karibu na mwisho wa kazi yake? Hakuna anayethubutu kumwita joki wa kawaida. Hesabu inakuonyesha nani alidumu, nani aliamka kila siku akapanda hata farasi asiyetakiwa na mtu, na hilo ni jambo la kuheshimiwa. Ila haikuonyeshi alichokifanya akiwa juu.

Na yule anayesema farasi ndiye anayekimbia, naye ana haki. Mwaka 1973 farasi Secretariat alishinda Belmont, mbio kubwa za Marekani, kwa urefu wa farasi 31. Ron Turcotte, joki wake, alikuwa hodari kweli kweli, lakini siku ile kazi yake kubwa ilikuwa kutomsumbua. Ukitaka kumjua joki, usimtazame siku anapopanda farasi wa namna hiyo. Tafuta farasi mmoja aliyepita mikono tofauti, uone nini kilibadilika.

Mfano ninaoupenda ni wa mwaka 1972, na farasi aliyeitwa Roberto. Alikuwa apandwe kwenye Derby na Bill Williamson wa Australia, lakini Williamson alianguka siku chache kabla. Daktari akamruhusu, mwenye farasi hakuridhika, akampa Piggott nafasi hiyo. Katika mita za mwisho Roberto na farasi mwingine, Rheingold, walikuwa wamegandana bega kwa bega. Piggott akamshindilia mjeledi kwa nguvu na kwa mpangilio ambao watu waliouona hawakuusahau, na Roberto akashinda kwa tofauti ndogo mno hadi picha ikaangaliwa. Aliporudi hakushangiliwa kama mshindi wa Derby. Aliyeshangiliwa siku ile ni Williamson, aliyeshinda mbio nyingine baadaye, kwa sababu watu waliona amenyang'anywa haki yake.

Haikuishia hapo. Agosti ya mwaka huo huo, huko York, Roberto alikutana na Brigadier Gerard, farasi ambaye hakuwa amewahi kushindwa. Piggott alikuwa na uchaguzi, akamchagua Rheingold. Mwenye Roberto akamwita Braulio Baeza, Mpanama aliyekuwa akifanya kazi Marekani, ambaye hakuwa amewahi kupanda mbio Uingereza. Baeza alitoka langoni akakamata mbele, akamwacha Roberto aende kwa mwendo wake, akikaa ametulia kama mtu asiye na haraka. Hakufikiwa. Brigadier Gerard alimaliza maisha yake ya mbio na ushindi 17 katika mara 18, na hiyo ya York ndiyo pekee iliyomponyoka.

Farasi ni yule yule. Piggott alimkamua, Baeza alimwachia. Ukiniuliza ipi ilikuwa kazi kubwa zaidi, nitakwambia ya Baeza, na najua wengi zizini hawakubaliani nami. Wao wanasema bila mkono wa Piggott Derby ile ingepotea, na wanasema kweli. Lakini leo kanuni za Uingereza zinamruhusu joki mapigo 6 tu kwenye mbio za tambarare, zisizo na vizuizi vya kuruka, na farasi wanaendelea kushinda. Kijana anayejifunza kwa kutazama mjeledi anajifunza kitu ambacho kila mwaka kinazidi kupunguzwa. Anayejifunza kwa kutazama mikono, amepata kazi ya maisha.

Hili la mikono nililijua kwa kuumia. Nilipoanza kupanda asubuhi nilipewa jike mwekundu mwenye tabia ya kuvuta. Nilikuwa na nguvu, na niliamini nguvu ndiyo inayotakiwa. Akivuta, navuta. Tulizunguka uwanja mara mbili nilipotakiwa kuzunguka mara moja, mikono ikachubuka, na jike akarudi bandani akiwa amelowa jasho, hataki hata kula. Kesho yake mzee mmoja aliyekuwa ameacha mbio aliomba ampande. Alifupisha vikuku, vile vya kukanyagia miguu, kidogo, akashika hatamu, kisha akaishusha mikono yake karibu kabisa na shingo ya farasi na kuiacha pale. Jike alivuta mara moja, akakuta hakuna wa kushindana naye, akatulia. Mzee aliposhuka aliniambia farasi ana kilo zaidi ya mia nne na mimi nina hamsini na tano, kwa hiyo nikimkaribisha kwenye mashindano ya kuvutana nimeshashindwa kabla ya kuanza. Lijamu liko kwenye kinywa chenye ulimi na ngozi laini. Unachokifanya na vidole vyako, yeye anakisikia pale.

Kwa hiyo zoezi lenu la kwanza si mbio. Ongozeni farasi kwa miguu. Mtembezeni, msimamisheni, mgeuzeni, mpaka muweze kufanya yote bila kamba kukazwa. Mwenye haraka ya kupanda atanichukia kwa wiki mbili au tatu.

Jambo la pili ni saa ya kichwani. Farasi mzuri anayekwenda shoti hukata mita 200 kwa sekunde 12 hivi. Hawezi kuushika mwendo huo kuanzia mwanzo hadi mwisho wa mbio ndefu, kwa hiyo kila sekunde aliyoiharibu mapema ataidaiwa mwishoni. Steve Cauthen, kijana wa Kentucky aliyetwaa mataji matatu makubwa ya Marekani akiwa na miaka 18 juu ya farasi Affirmed mwaka 1978, alikuwa na saa hiyo. Alipohamia Uingereza, kwenye Derby ya 1985 alimchukua farasi Slip Anchor akaongoza tangu mwanzo na kushinda kwa urefu wa farasi saba. Aliyeko mbele anaonekana mjinga ikiwa hajui anakwenda kasi gani, na anaonekana bingwa ikiwa anajua. Wale wa nyuma walidhani atachoka.

Mtu hazaliwi na saa hii, inafundishwa. Mkufunzi akikwambia mpeleke kwa sekunde 15 kila mita 200, hesabu kimoyomoyo kutoka nguzo hadi nguzo, kisha mwulize aliyeshika saa umepata ngapi. Usione haya ukiambiwa 13. Mimi nilikosea miezi mingi. Hesabu hata ukiwa unatembea kwenda dukani.

Kuhusu mkao nitasema kidogo, maana mwili ndio utakaokufundisha. Zamani majoki walikaa wima, miguu imenyooka. Mwisho wa karne ya 19 Mmarekani Tod Sloan alifika Uingereza amejikunja juu ya shingo ya farasi, watu wakamcheka, kisha wakamwiga. Watafiti waliochunguza rekodi za zama zile waliona muda wa mbio kubwa ulipungua kwa asilimia 5 hadi 7 mkao huo ulipoenea. Sababu ni kwamba mapaja na magoti ya joki yanameza mrusho wa farasi, mwili wake unabaki usawa mmoja, na farasi haubebi uzito unaopanda na kushuka. Maana yake kwenu ni miguu. Miguu ikichoka unakaa kitako, na ukikaa kitako mita 300 za mwisho umemwongezea farasi mzigo wakati hana pumzi.

Sasa uzito, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Fred Archer alikuwa bingwa wa Uingereza mara 13 mfululizo, na alikuwa mrefu karibu sentimita 178. Alijinyima chakula na kunywa dawa za kuharisha ili apande. Mwaka 1886, akiwa na miaka 29, amedhoofu kwa njaa na homa, na bado na majonzi ya mkewe aliyefariki baada ya kujifungua, alijiua. Wanaomsifu husimulia ushindi wake 2,748 na kulipita hilo haraka. Mimi sipiti haraka. Nimeona vijana hapa wakikimbia barabarani mchana wamevaa majaketi mawili, hawajanywa maji tangu jana, kisha wanapanda mnyama anayekwenda kilomita 60 kwa saa huku macho yanaona giza. Mwenye kiu haoni nafasi inayofunguka kati ya farasi wawili, na anaweza kumwangusha mwenzake asiye na hatia. Kama mifupa yako ni mikubwa, sema mapema. Saisi mzuri, mpanda mazoezi mzuri, mkufunzi msaidizi, hawa wote wanahitajika, na farasi hatakudharau.

Tena msidhani ukubwa una sura moja. Katika Kentucky Derby ya kwanza, Derby ya Marekani, mwaka 1875, majoki 13 kati ya 15 walikuwa watu weusi, na mshindi, Oliver Lewis, alikuwa mmoja wao. Isaac Murphy alizaliwa Kentucky mwaka 1861, wakati wa utumwa. Aliishinda Derby hiyo mara tatu, 1884, 1890 na 1891, na alisifika kwa kutompiga farasi zaidi ya lazima na kumwomba kiasi kile tu kinachotosha kushinda. Baadaye ubaguzi uliwafukuza weusi kwenye viwanja vile. Msichana aliyeingia na kundi lenu aliniuliza kama ana nafasi. Dada, Rachael Blackmore wa Ireland alishinda Grand National, mbio kubwa za kuruka vizuizi Uingereza, mwaka 2021 juu ya farasi Minella Times, na hapa Ngong wanawake wamekuwa wakipanda na kushinda miaka mingi. Njoo alfajiri kama wengine.

Limebaki moja, ambalo kwangu ndilo linalokata ubishi. Mwaka 1957 Bill Shoemaker alikuwa akielekea kushinda Kentucky Derby juu ya farasi Gallant Man. Aliikosea nguzo ya mwisho, akadhani amefika, akasimama kwenye vikuku kwa nukta moja. Akashindwa kwa pua. Angeweza kusema farasi alijikwaa. Alikiri kosa lake, akafungiwa siku 15, na mwenye farasi hakumwacha. Wiki chache baadaye wakaenda Belmont pamoja, wakashinda kwa urefu wa farasi wanane. Mwaka 1986, akiwa na miaka 54, alishinda Derby ile ile juu ya Ferdinand.

Joki ndiye pekee anayejua kilichotokea huko mbali ambako macho ya jukwaani hayafiki. Mkufunzi atapanga mazoezi ya mwezi mzima kwa maneno utakayomwambia ukishuka. Ukisema farasi alikosa pumzi kumbe wewe ulimfungia nyuma ya wengine, ataongezewa kazi asiyostahili. Niliwahi kufanya hivyo. Nilisema farasi mmoja mvivu, ili nisiseme niliondoka langoni nimechelewa, na yule farasi akafanyizwa mbio kali siku tatu hadi mguu ukavimba. Nilimfunga bandeji mimi mwenyewe, kila asubuhi, kwa wiki sita, na hakuna aliyejua kwa nini nilikuwa naamka kabla ya wote. Yule mnyama aliendelea kuweka kichwa begani mwangu. Na wapo watakaokujia na bahasha wakitaka farasi azuiwe. Wahenga walisema mpanda farasi wawili hupasuka msamba, na huyo anayepokea bahasha amepanda wawili.

Jumapili ijayo, mbio zikiisha, msikimbilie nguzo ya mwisho. Nendeni kule farasi wanakopunguza mwendo. Tazameni mikono ya kila joki anapogeuza kurudi, tazameni masikio ya farasi wake, kisha sogeeni msikilize anachomwambia mkufunzi, hasa aliyekuja wa nne au wa tano. Halafu jioni tubishane. Jumatatu nipo banda la mwisho saa kumi na moja alfajiri, na saa ya kupimia ninayo.