Presha imeshuka baada ya reiki: je, niache vidonge?

Swali: Shikamoo daktari. Nina presha ya miaka mingi. Nimeanza kwenda kwa mtaalamu wa reiki, tiba ya kuwekewa mikono ambayo wanasema hupitisha nguvu ya kuponya. Siku ya kwanza alinipima nilipofika, ikawa 164/98. Tulipomaliza ikawa 136/84. Akasema nguvu imeshaanza kazi, niachane na vidonge. Leo siku ya nane sijameza, na kila asubuhi kichwa kinaniuma. Yeye anasema ni sumu zinatoka mwilini. Niendelee?

Jibu: Marahaba. Nenda kituo cha afya leo hii, usingoje wiki ijayo. Beba paketi za dawa zako zote, waeleze bila kuficha kwamba uliacha, wakupime na wakuanzishe upya. Hukutaja jina la dawa, na hilo linanitia wasiwasi: zipo dawa, kama klonidini na atenololi, ambazo ukizikatisha ghafla presha au mapigo ya moyo yanaweza kupanda vibaya. Kichwa kikizidi kuuma, macho yakiingia ukungu, kifua kikibana, mdomo ukienda upande au mkono ukiishiwa nguvu, hiyo ni dharura ya saa hiyohiyo.

Sasa hizo namba mbili, maana wagonjwa wananiletea namba za namna hii kila mara. Ulipofika ulikuwa umetoka kutembea, ukaketi, ukaanza kusimulia shida zako huku mkanda wa mashine unajaa upepo mkononi. Kisha ukalala chali muda mrefu katika chumba kimya, macho umefumba, mikono ya mtu imetulia juu ya kichwa, kifua na tumbo. Presha ya mtu aliyepumzika hivyo hushuka hata kama hakuna aliyemgusa. Ndiyo maana kliniki tunamkalisha mgonjwa dakika tano bila maongezi, mgongo umeegemea, nyayo ziko sakafuni, mkono uko juu ya meza usawa wa moyo, ndipo tunapima. Ungepima tena kesho yake asubuhi, yaelekea ungeikuta imerudi ilikokuwa.

Reiki yenyewe sigombani nayo. Mikao Usui aliianzisha Japani mwaka 1922, na Hawayo Takata wa Hawaii, aliyefundishwa na Chujiro Hayashi, mwanafunzi wa Usui, akaieneza Marekani. Unalala na nguo zako, unaguswa kwa wepesi au huguswi kabisa, humezi kitu wala huchomwi sindano. Maadili ya Usui yanamhimiza mtu, kwa siku ya leo, asikasirike, asihangaike, ashukuru, afanye kazi kwa bidii, awe mwema. Hakuna panaposema aache dawa.

Nguvu inayosemwa kutoka mikononi hakuna chombo kilichowahi kuithibitisha. Utulivu, huo upo kweli. Mwaka 2011 wauguzi wa Marekani walichapisha utafiti wa wagonjwa 189 waliokuwa wakipewa dawa za saratani. Wengine walipata reiki, wengine walifanyiwa ya kuigiza, wengine wakabaki na huduma ya kawaida. Reiki na ile ya kuigiza zote ziliwaongezea wagonjwa faraja kuliko huduma ya kawaida peke yake. Kilichowasaidia, kwa nionavyo, ni kuwa na mtu aliyetulia nao bila haraka, na nakiri kwamba hospitalini wengi hawalipati hilo. Lakini faraja haitibu presha.

Kauli inayonikasirisha hasa ni hiyo ya sumu. Ukipata nafuu, tiba imefanya kazi. Ukiumwa, tiba bado inafanya kazi. Basi ni dalili gani itakayokupeleka hospitali? Muulize ni sumu ipi, imetoka kiungo gani, inapimwaje. Taka za mwili zinachujwa na ini na figo, na figo hizohizo ndizo zinazoharibiwa na presha isiyotibiwa, taratibu, bila maumivu yoyote.

Na si presha tu. Nimeona watu wakiambiwa vivyo hivyo kuhusu dawa za kifafa, kuhusu ARV, hata insulini, ambayo mwenye kisukari cha aina ya kwanza akiiacha anaweza kufa ndani ya siku chache. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walionyesha kuwa wagonjwa wa saratani inayotibika waliochagua tiba mbadala peke yake walikuwa na hatari ya kufa mara 2.5 ya wenzao waliotibiwa hospitali; kwa saratani ya matiti ilizidi mara tano. Hawa hawakudhuriwa na mikono ya mtu. Walidhuriwa na miezi iliyopotea. Cheti cha reiki hakimfundishi mtu kurekebisha dozi, na anayekwambia uache dawa uliyoandikiwa, hata awe mpole namna gani, mkimbie.

Ukitaka kuendelea na reiki, tafuta mtu ambaye swali lake la kwanza ni kama umemeza dawa leo. Ukishaanzishwa tena, pima presha nyumbani siku saba, asubuhi kabla ya vidonge na jioni, uandike kila namba daftarini hata ile isiyokupendeza. Dozi ikistahili kupunguzwa, daktari wako ataipunguza akiwa na daftari hilo mbele yake.