Jibu: Mtoto wa miaka 9 na simu ya mama

Pole dada. Unasema mwanao huchukua simu yako kutazama katuni, juzi ukamkuta kwenye video za uchi. Usimpige. Ukimpiga ataenda kutazama kwa jirani, na hapo hutajua kitu.

Kama simu ni Android 9 au mpya zaidi, ingia kwenye mipangilio ya mtandao, tafuta DNS ya faragha (Private DNS, huduma inayoisaidia simu kuzipata tovuti), andika family.cloudflare-dns.com, hifadhi. Ni bure, na tovuti nyingi za ngono hazitafunguka, iwe kwa bando au Wi-Fi. YouTube haizuiwi na hilo, kwa hiyo mwekee YouTube Kids na uzime sehemu ya kutafuta.

Ila kwangu balaa halikuwa tovuti, lilikuwa WhatsApp. Magrupu ya ukoo haya! Mjomba katuma video saa tano usiku, asubuhi imeshajipakua iko kwenye picha za simu, mtoto anaifungua akidhani ni ya harusi. Nilizima video zisijipakue zenyewe, WhatsApp nikaifunga kwa alama ya kidole. Mjomba naye nilimpigia, akanuna wiki nzima.

Na ukigundua kuna mtu mzima anamwandikia mtoto, piga 116, simu ya msaada kwa watoto, Tanzania na Kenya namba ni hiyohiyo.