Mtoto anaangusha kila kitu, mwalimu anasema mzembe

SWALI: Habari za kazi, mi nina mtoto wa kiume ana miaka 8, kichwani yuko poa tu, kusoma anasoma, ila mikono ndo shida, chai anamwaga, vifungo vya shati la shule mpaka nimfunge, mpira akirushiwa unampiga usoni wenzake wanacheka, sasa hivi hataki hata kutoka kucheza. Mwalimu anasema ni uzembe. Jirani kaniambia kuna mazoezi ya mwili na akili kwa pamoja, yanasaidia kweli au tunaliwa hela?
Mama Junior, Morogoro

JIBU: Pole mama Junior. Uzembe sidhani. Ulivyoeleza inafanana na dispraksia, yaani ubongo unapata shida kupanga mwendo wa mikono na mwili, na wako wengi tu, kwenye watoto 100 wa umri wa shule inakadiriwa 5 au 6, wavulana zaidi. Ila gazetini hapimwi mtu, mpeleke kwa daktari wa watoto amwangalie macho na misuli, halafu uliza mtu wa okupesheno therapi, yaani mtaalamu anayemsaidia mtu kuziweza kazi za kila siku kama kuvaa na kula, hawa wanasomeshwa hapahapa nchini, hospitali ya KCMC Moshi.

Mazoezi yanasaidia, ila mfundishe kitu kilekile kinachomshinda, maana kuruka kamba ni kuzuri lakini hakumfungi mtu vifungo. Kuna njia ilianzia Kanada, mtoto anataja lengo, anapanga, anafanya, anakagua mwenyewe. Kwa mfano shati litandike mezani, aanze na kifungo cha chini kabisa, kikikwama usimrukie, muulize tu "kimekwamia wapi?" mwache afikirie mpaka aseme mwenyewe kwamba aah, nikisukuma nusu inabidi huku nikivute kwa mkono mwingine. Hiyo akiigundua yeye haimtoki, ukimwambia wewe kesho kashasahau.

Mpira nao, kwanza amwangalie mwenzake anavyodaka, afumbe macho ajione anaudaka yeye, ndo mrushie, tena anza na puto maana linakuja taratibu, baadae mpira wa soksi. Dakika chache kila siku zinatosha, akichoka acheni.

Anayekuahidi mtoto atapona ndani ya wiki, au anakuuzia dawa ya kuchangamsha ubongo, huyo ndo anakula hela.

Na mazoezi yawe jioni jamani, asubuhi daladala inapiga honi we mfunge tu vifungo aende shule.